Mashine Iliyo Dhaifu Kuliko Zote

Kambu ni mji wa barabarani. Uko kati ya Kibwezi na Mtito Andei, upande wa Makueni, na ukielekea mashariki mpaka ukavuka Mto Athi, umeingia Kitui. Karibu kila kinachotoka bandari ya Mombasa kwenda Nairobi hupita hapa au jirani na hapa: malori, mabasi ya usiku, mafuta ndani ya bomba, treni ya SGR. Intaneti nayo hupita. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na data inayotoka humo husafiri kwenda Nairobi kwa kufuata ukanda huu huu. Halafu kuna kompyuta zenyewe. Zile tunazoziita ex-UK, zilizotumika miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo kisha zikauzwa kwa mafungu, hupita zikiwa ndani ya makontena, hufika Nairobi, na zikishauzwa mara moja au mbili hurudi kwa basi mpaka kwenye saiba, shule na maduka ya fotokopi.

Sura hii inahusu kujenga programu za Linux kwa ajili ya mashine hizo.

Mtu akiuliza namna ya kuongeza kasi ya Linux, kwa kawaida huelekezwa kwenye swichi za kompaila: weka hii, ongeza ile, jenga kila kitu upya kwa ajili ya prosesa yako. Ushauri huo hutolewa na watu wenye mashine mpya, stima isiyokatika na intaneti isiyohesabiwa kwa megabaiti. Wao wanapunguza sehemu za sekunde. Huku kwetu kinachokula pesa ni kazi inayorudiwa: pakiti ileile kupakuliwa na kila kompyuta chumbani kwa bando la mwenye saiba, programu ileile kujengwa upya katika kila shule, hitilafu ileile kutatuliwa na watu watatu wasiojuana. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: programu ijengwe mara moja, kwa uangalifu, kwa kiwango cha mashine iliyo dhaifu kuliko zote chumbani, kisha igawiwe wote.

Tuanze na kinachotokea programu inapojengwa. Mwandishi wa programu huandika msimbo, yaani maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Kompaila huyasoma na kuyageuza kuwa maagizo ya prosesa. Katika Linux kompaila hiyo mara nyingi ni GCC, ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Faili zinazotokea hufungwa pamoja na orodha ya vitegemezi vyake, maelekezo ya kusakinisha na nambari ya toleo, na hapo umepata pakiti. Katika Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na katika Ubuntu iliyozaliwa kutokana nayo mwaka 2004, jina la pakiti huishia na .deb.

Debian wana utaratibu mzuri sana. Mtunzaji wa pakiti hupeleka msimbo, na seva maalumu za ujenzi huukompaili kwa kila aina ya prosesa inayotambuliwa na mradi. Ukiandika apt install ukiwa Kambu, ile kazi nzito ilishafanywa zamani na mashine usiyoijua. Gentoo walichagua njia nyingine. Tangu toleo la 1.0 la mwaka 2002, mtumiaji wa Gentoo kwa kawaida hupokea msimbo na kujijengea mwenyewe, na kwa kufanya hivyo hujifunza Linux kwa undani ambao wengi wetu hatuufikii. Naiheshimu Gentoo. Hata hivyo, siwezi kumshauri mwenye saiba aitumie. Kivinjari kama Chromium, kikijengwa kwenye mashine yenye prosesa ya zamani ya Core 2 Duo, kinaweza kuishikilia mashine hiyo kwa siku nzima na zaidi, na siku hiyo mteja aliyekuja kuomba nafasi ya chuo au kujaza fomu za KRA ameshakwenda kwa jirani.

Sasa tuziangalie prosesa zenyewe. Mwaka 2020 AMD, Intel, Red Hat na SUSE walikubaliana kuzigawa prosesa za biti 64 za familia ya x86 katika ngazi nne. Ngazi ya kwanza inazibeba zote, tangu zile za AMD za mwaka 2003. Ya pili huanzia kizazi cha Nehalem cha Intel, mwaka 2008. Ya tatu inadai maagizo ya AVX2, yaliyoanza na Haswell mwaka 2013, na hata hapo zile Celeron na Pentium za kizazi hicho hazina. Ya nne inadai AVX-512, na katika maduka ya mitumba bado ni nadra.

Huhitaji kitabu ili kujua mashine yako iko ngazi gani. Kwenye Debian 12 andika:

/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help

Maelezo marefu yatateremka. Nenda karibu na mwisho, penye majina x86-64-v4, x86-64-v3 na x86-64-v2. Ngazi ambayo prosesa yako inaiweza itakuwa na neno supported ubavuni. Kwenye i5-2400, ambayo ni ya mwaka 2011 na imejaa kwenye HP na Dell za mitumba, neno hilo litakuwa mbele ya v2 peke yake. Kwenye Core 2 Duo E8400 halitaonekana mbele ya jina lolote kati ya hayo matatu, maana prosesa hiyo ina SSE4.1 lakini haina SSE4.2 wala POPCNT, na ngazi ya pili inavidai vyote viwili. Pita mashine hadi mashine ukiandika matokeo kwenye karatasi. Namba iliyo ndogo kuliko zote ndiyo itakayoamua mengine yote.

Asiyefanya hesabu hiyo hukutana na tatizo ambalo linaudhi kwa namna yake. Fundi kijana ana laptopu yake nzuri ya kizazi cha nane. Anajenga programu nyumbani akitumia -march=native, swichi inayomwambia kompaila atumie kila agizo ambalo prosesa iliyo mbele yake inalijua. Programu inaruka. Anaibeba kwa flashi hadi shuleni, anaisakinisha kwenye mashine kumi na mbili, na kwenye baadhi yake inafunguka kisha inakufa ikiacha maneno mawili tu: Illegal instruction. Prosesa imepewa agizo isilolijua. Afadhali ikifa papo hapo. Mara nyingine agizo hilo limejificha kwenye sehemu isiyotumika kila siku, kwa mfano inayotengeneza PDF, na programu hukaa wiki nzima bila shida hadi siku ya kuchapisha ripoti za muhula.

Na faida yenyewe iliyokuwa ikikimbiliwa ni kiasi gani? Ubuntu walipoleta katika toleo la 25.10, Oktoba 2025, pakiti za hiari zilizojengwa kwa ngazi ya tatu, walieleza kwamba pakiti nyingi zinaongeza kasi kwa takriban asilimia 1, na kwamba zinazopata zaidi ni zile za mahesabu mazito. Asilimia moja kwa mtu anayeandika barua kwenye LibreOffice haionekani. Tena programu zinazonufaika kweli na maagizo mapya, kama FFmpeg kwa video na OpenBLAS kwa hesabu, huja na njia kadhaa ndani yake na kuchagua iliyo bora zinapoanza kufanya kazi. Maktaba kuu ya C, glibc, hufanya vivyo hivyo inapokopi kumbukumbu. Kwa maneno mengine, pakiti ya kawaida ya Debian iliyojengwa kwa ngazi ya kwanza inazo tayari sehemu kubwa ya faida hizo pale zinapohitajika.

Kwa swichi, basi, nashauri -O2 na ngazi ya kwanza, kama Debian wenyewe wanavyofanya. -O3 huongeza ukubwa wa msimbo, na kwenye prosesa yenye kashe ndogo ukubwa huo unaweza kula faida yote iliyotarajiwa. Kama kuna programu moja inayokuelemea, pima kabla na baada, kwa kazi halisi unayoifanya, si kwa mchezo wa majaribio uliotengenezwa kwa ajili ya kushindanisha prosesa. Na kabla ya hayo yote fungua kasha la kompyuta. Vumbi la nchi hii kavu, kutoka Kambu mpaka Mutomo, hujaa kwenye feni na mapezi ya kupozea. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na hakuna swichi ya GCC inayoweza kurudisha kasi iliyochukuliwa na vumbi. Brashi na pasta mpya ya joto vitakupa zaidi.

Ni lini basi mtu ajenge mwenyewe? Pale distro yake, yaani aina ya Linux anayoitumia, haina anachohitaji, au ina toleo lililozeeka. Mfano ninaoupenda ni Kiwix, mradi ulioanza mwaka 2007 wa kuwezesha watu kusoma Wikipedia bila intaneti. Shule ikiwa na Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye diski ya mashine moja, programu ya kiwix-serve inaigawa kwa chumba kizima kupitia kivinjari, na bando halitumiki kabisa. Tuseme mashine zina Debian 12, na kuna hitilafu iliyorekebishwa katika toleo jipya la kiwix-tools. Toleo hilo linataka maktaba mpya ya libkiwix, nayo libkiwix inataka libzim mpya. Hapo ni pakiti tatu, na zina mpangilio wake: libzim kwanza, isakinishwe, kisha libkiwix, mwisho kiwix-tools. Anayeanza na ya mwisho hukesha akisoma malalamiko ya kompyuta.

Kwa kila moja, amri ni zilezile. Ukishaongeza mstari wa deb-src kwenye orodha ya vyanzo vyako, apt build-dep huleta vinavyohitajika kwa ujenzi na apt source huleta msimbo. Unaingia kwenye folda na kuandika dpkg-buildpackage -us -uc -b. Pakiti hutokea kwenye folda ya juu yake.

Kabla ya hapo, hata hivyo, ipe pakiti yako nambari ya toleo. Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu herufi moja inaweza kuziacha mashine zote za shule wazi kwa wadukuzi. Tuseme pakiti ya Debian ni 2.1-3 na unataka kuonyesha kwamba hii ni yako. Wengi huandika 2.1-3+kambu1. Inapendeza. Baadaye Debian wanatoa rekebisho la usalama, na kwa desturi yao wanaliita 2.1-3+deb12u1. Mashine inalinganisha: alama ya kujumlisha ni ileile, halafu d na k. Kwa kuwa d hutangulia k, toleo la Debian linahesabiwa kuwa la zamani kuliko lako, na rekebisho la usalama haliingii. Hakuna onyo lolote linalotokea. Mashine itaendelea kusema kwamba kila kitu ni kipya.

Ukitumia amri ya dch --local kambu, itakuandikia 2.1-3kambu1, bila alama ya kujumlisha. Katika sheria za dpkg, herufi hutangulia alama, kwa hiyo 2.1-3+deb12u1 inakuwa mpya kuliko 2.1-3kambu1, na rekebisho linaingia lenyewe. Ukitaka kuhakikisha, muulize dpkg: dpkg --compare-versions 2.1-3kambu1 lt 2.1-3+deb12u1 && echo ndiyo. Nimeona watu wakibishana saa nzima juu ya -O2 na -O3 huku wakiiandika nambari ya toleo bila kuifikiria.

Ujenzi wenyewe unahitaji kumbukumbu kuliko watu wanavyodhani. Mwongozo wa kawaida husema uendeshe kazi nyingi kwa pamoja kadiri ya idadi ya viini vya prosesa. Ila faili moja nzito ya C++ inaweza kumfanya kompaila ale gigabaiti nzima au zaidi. Kwenye mashine yenye viini vinne na kumbukumbu ya gigabaiti 4, kazi nne kwa mpigo huijaza kumbukumbu, diski inaanza kukwaruza, na mwishowe kerneli inamuua kompaila ili kuiokoa mashine. Ukiona kwenye skrini kwamba cc1plus imeuawa, usikimbilie kutafuta kosa kwenye msimbo. Weka DEB_BUILD_OPTIONS="parallel=2" na uanze tena. Kazi mbili zinazomalizika zina kasi kuliko nne zinazouawa. Na kama utajenga mara kwa mara, sakinisha ccache, kazi ya Andrew Tridgell, ambayo huhifadhi matokeo ya kila faili iliyokwisha kukompailiwa. Msimbo ukirudi bila kubadilika, jibu hutolewa kwenye hifadhi.

Halafu stima inapotea. Mradi wowote wa huku lazima ulitegemee hilo. Habari njema ni kwamba make, ambayo Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976, ilibuniwa isirudie kilichokwisha kufanywa. Hutazama saa ya mwisho kila faili ilipobadilishwa: kama faili iliyojengwa ni mpya kuliko msimbo wake, huiacha. Stima ikirudi, unaingia kwenye folda ileile, unaandika dpkg-buildpackage -us -uc -b -nc, na kwa pakiti nyingi kazi huendelea karibu na pale ilipokatikia. Zile herufi nc mwishoni ndizo zinazoizuia isifute kila kitu na kuanza upya. Futa tu faili ya mwisho iliyokuwa ikiandikwa, maana inaweza kuwa nusu.

Ila mashine za ex-UK zina betri. Ni kile kidonge cha CR2032 kwenye ubao, kinachoifanya saa iendelee kutembea mashine ikiwa imezimwa. Baada ya miaka kumi na zaidi kimekwisha. Stima ikikatika, mashine inaweza kuamka ikiamini kuwa ni Januari ya mwaka ilipotengenezwa. Kama hakuna intaneti ya kuirekebisha saa, kila faili mpya itakuwa na tarehe ya zamani kuliko msimbo uliopakuliwa jana. Mantiki yote ya make inapinduka. Itaonya kwamba saa imepotoka na kwamba ujenzi huenda haukukamilika, au itajenga upya kile ambacho tayari kipo, au, lililo baya zaidi, itaruka kile kilichopaswa kujengwa. Apt nayo itakataa kusasisha orodha kwa madai kwamba bado haijaanza kutumika, na kivinjari kitakataa karibu kila tovuti. Nimeshuhudia mashine ikisakinishwa upya Linux nzima kwa sababu hiyo, na baada ya kazi yote bado inakataa. Betri hiyo inauzwa kwenye maduka ya saa. Ibadilishe kabla hujajenga chochote.

Wanaoanza hukimbilia kujenga kerneli, na si ajabu, kwa kuwa ndiyo moyo wa mfumo. Kerneli ya Debian huja na maelfu ya moduli za vifaa ambavyo havitawahi kufika Kambu. Amri ya make localmodconfig hutazama moduli zinazotumika sasa na kuziacha nyingine, na ujenzi wa saa nyingi hupungua sana. Mtego uko kwenye neno sasa. Kama modemu ya USB haikuchomekwa wakati huo, moduli yake haitajengwa. Kama hakuna flashi ya exFAT iliyofunguliwa asubuhi hiyo, mteja wa kwanza atakayekuja na flashi ya aina hiyo ataambiwa haisomeki. Ukiamua kuijenga, chomeka kila kitu: printa, skana, modemu zote, flashi za kila aina. Kisha chukua matokeo ya lsmod kutoka kila mashine chumbani, yaunganishe katika faili moja, na umwonyeshe make faili hiyo kwa kutumia LSMOD=. Kerneli moja itatosha wote, na make bindeb-pkg itakupa pakiti za .deb za kugawa. Ila kila rekebisho la usalama la kerneli litakapotoka, wewe ndiwe utakayejenga tena. Kama hakuna kifaa kinachokulazimisha, baki na ya Debian.

Sasa kugawa, ambako ndiko pesa zilipo. Hatua ya kwanza haihitaji hata kujenga: sakinisha apt-cacher-ng kwenye mashine moja na uzielekeze nyingine kwake. Pakiti ikipakuliwa na mashine ya kwanza inabaki hapo, na zile zinazofuata huichukua kupitia waya wa chumbani. Seva ya nakala ya Debian nayo iwe ya humu nchini, kama ile ya mirror.ac.ke iliyo kwenye mtandao wa vyuo vyetu, ili data isitoke nje ya nchi bure. Hatua ya pili ni ghala lako mwenyewe. Programu ya reprepro huziweka pakiti ulizojenga katika mpangilio ambao apt inauelewa, na kuutia sahihi kwa ufunguo wako. Ghala kama hilo linaweza kukaa kwenye flashi. Pikipiki inayotoka Kibwezi kwenda Mutomo kwa barabara mpya ya lami inaweza kulibeba hadi shule ya ng'ambo ya Athi, na huko, mwalimu akishauweka ufunguo wako kwenye mashine zake mara moja, apt itakagua sahihi kila mara bila kuhitaji mtandao.

Hapo ndipo gharama ya mjenzi inapolipa. Arch Linux walihamia mbinu ya zstd ya kubana pakiti mwishoni mwa mwaka 2019, wakichagua kiwango kikali kinachomchosha mjenzi. Pakiti zao zote kwa jumla zilikua kwa asilimia 0.8 tu, lakini kufungua kulikuwa na kasi zaidi kwa takriban asilimia 1,300. Mjenzi alitaabika mara moja, na kila mtumiaji mwenye prosesa dhaifu akapumzika kila aliposakinisha. Uamuzi wa namna hiyo una maana kubwa kwa Core 2 Duo kuliko swichi yoyote.

Lakini ukishakuwa mjenzi wa wengine, wanakuamini, na imani hiyo inaweza kutumiwa vibaya. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, alitangaza kwamba xz, programu ya kubana faili iliyo karibu katika kila Linux, imewekewa mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aligundua kwa sababu alikuwa akipima: kuingia kwa SSH kulikuwa kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida, naye hakukubali kupita bila kujua kwa nini. Sumu yenyewe ilifichwa ndani ya faili za majaribio, na iliyoiamsha ni hati ya ujenzi iliyokuwemo kwenye furushi la msimbo lililotolewa kwa umma lakini haikuwemo kwenye hazina ya wazi ya mradi. Zaidi ya hapo, ilikagua kwanza kama inajengwa kuwa pakiti ya Debian au ya RPM. Kama hapana, ilinyamaza. Aliyeitunga alijua kwamba njia ya kuingia kwenye mashine zote ni kupitia mtu anayezijengea.

Kwa hiyo msimbo wako uuchukue kwa apt source, ambayo hukagua sahihi, na si kwa kiungo alichokutumia rafiki. Weka ufunguo wa ghala mahali ambapo wateja wa saiba hawafiki. Na fuata kazi ya ujenzi unaorudiika, iliyoanza ndani ya Debian mwaka 2013: watu wawili wakijenga msimbo uleule mahali tofauti, wapate faili zilezile baiti kwa baiti. Mjenzi wa Kambu na mjenzi wa Mutomo wanaweza kulinganisha matokeo yao kwa sha256sum kwa simu. Yakitofautiana, pakiti isigawiwe hadi sababu ijulikane.

Kenya ina mfano mkubwa wa programu iliyojengwa kwa hali kama hizi. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 katika ushirikiano wa Regenstrief Institute na Partners In Health, na kazi ya mpango wa afya wa AMPATH huko Eldoret ilikuwa miongoni mwa zilizouchochea. Februari 2006 AMPATH walianza kuutumia huko Eldoret. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vya afya nchini, imejengwa juu yake. Husakinishwa kwenye seva ya Linux iliyo ndani ya kituo chenyewe, ili daktari aione faili ya mgonjwa hata intaneti ikiwa imelala. Nyongeza zake hufungwa kama moduli zenye majina yanayoishia na .omod, hujengwa mara moja, kisha hupelekwa kwenye vituo. Anayezifunga hajui seva ya kituo fulani ina umri gani. Lazima ajenge akiifikiria ile ya zamani.

Swali hilo la umri linazidi kuwa zito. Red Hat Enterprise Linux 9, ya mwaka 2022, ilipandisha sakafu hadi ngazi ya pili. Toleo la 10, la Mei 2025, likapanda hadi ya tatu, na kwa hatua hiyo ile i5-2400 ikaachwa nje. Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli ya mashine za biti 32. Kila uamuzi una sababu zake za kiufundi, na anayeufanya huwa anatazama mashine zilizo mbele yake. Zilizo mbele yetu ni nyingine.

AlmaLinux, wanaotengeneza distro inayolingana na ile ya Red Hat, waliliona hilo. Walipotoa toleo lao la 10 walifuata ngazi ya tatu kama Red Hat, kisha wakalijenga lote mara ya pili kwa ngazi ya pili, pamoja na ghala la ziada la EPEL, ili mashine za kabla ya Haswell zisitupwe. Msimbo haukubadilika. Kilichobadilika ni swichi ya -march na umeme wa seva zao. Core 2 Duo haimo hata humo. Hata hivyo, Core 2 Duo ni ya biti 64, na Debian 13 bado inaikubali, kwa kuwa pakiti zake za amd64 zinaendelea kujengwa kwa ngazi ya kwanza.